Kuhasi Paka Wasio na Wenyewe: Ni Rehema au ni Dhuluma?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Tumeletewa swali na vijana wa Voi, wala si mara yao ya kwanza kutuuliza. Wasema: paka wasio na wenyewe wamezidi sokoni, penye mabucha na kwenye stendi ya mabasi. Je, yajuzu kuwatega, kuwapeleka kwa daktari wa wanyama wakahasiwa, kisha wakarudishwa walipotoka na kutunzwa hapo hapo? Na mwenye kujitolea kwa kazi hiyo bila ya ujira ana thawabu, au ana dhambi ya kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu?

Kabla ya kujibu yatulazimu tukiri jambo. Swali hili tuliulizwa miaka michache iliyopita na vijana hao hao, nasi tuliwajibu kwa haraka, baada ya sala ya Ijumaa, viatu vi mikononi: haijuzu. Tulijibu kama tulivyosomeshwa. Vijana wakasikia, wakaacha. Wakaendelea kuwatupia paka vichwa vya samaki na matumbo ya kuku, wakidhani kuwa hapo wamekwisha timiza wajibu wao. Paka walioshiba wakazaa, na waliozaliwa nao wakazaa. Mwaka uliofuata tulipita Voi tukielekea Taveta, tukaonyeshwa gunia lililotupwa kando ya njia ya reli ya zamani. Ndani yake mlikuwa na watoto sita wa paka, na wawili walikuwa wangali hai. Aliyewatupa hakuwa mtu mwovu. Ni mama mwenye duka dogo la nafaka, ambaye humweka paka kwa ajili ya panya, na paka huyo alikuwa amemzalia mara tatu mfululizo. Alitwambia: "Sheikh, kuhasi mlitwambia ni haramu. Basi hawa ningewaweka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi vitabuni, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tuieleze hali ya mnyama mwenyewe, kwani fatwa isiyojua hali ya jambo ni kama dawa aliyopewa mgonjwa bila ya kupimwa. Paka jike huweza kushika mimba angali na miezi minne au mitano. Mimba yake ni kiasi cha siku 63 hadi 65, na kwa kawaida huzaa watoto watatu hadi watano. Aweza kushika mimba nyingine naye bado ananyonyesha. Katika nchi za baridi huwa na msimu wa kupumzika, kwa sababu hali yake ya kutaka dume hufuata urefu wa mchana. Lakini huku kwetu karibu na istiwai mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na paka hana mapumziko. Wengi wa watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miezi sita, kwa njaa, kwa maradhi ya macho na kifua, kwa magari na kwa mbwa. Basi anayewalisha paka wa mtaani asifanye jingine lolote, kwa hakika anauma na kupuliza: leo amemshibisha mmoja, na baada ya miezi miwili amewaleta duniani wanne wa kufa kwa njaa. Sisi tuliofunga mlango ule tulishiriki katika gunia lile.

Ama khabari za daraja ya paka katika dini yetu, watu wa pwani wazijua, wala hatutarefusha. Katika Sahihi mbili imepokewa khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga hata akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Na imepokewa kwamba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu hata akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wazungukao kwetu majumbani. Na katika kumnywesha kila chenye uhai mna ujira. Haya ni sahihi na yanatosha. Lakini ile khabari ya paka aitwaye Muezza, aliyelala juu ya mkono wa kanzu ya Mtume hata ukakatwa ili asiamshwe, haina asili katika vitabu vya Hadithi. Na maneno yanayovuma kuwa kupenda paka ni katika imani, wanavyuoni wameyahesabu kuwa ni ya kubuniwa. Twawaomba walimu wa vyuo wasiwasomeshe watoto mambo hayo. Aliyepewa Sahihi hana haja ya kukopa uwongo, hata ukiwa uwongo mtamu.

Sasa tuje kwenye kisu.

Walioharamisha kuhasi wana hoja, wala si watu wa kudharauliwa. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 119, Shetani aapa kuwa atawaamrisha watu wageuze umbo la Mwenyezi Mungu, na baadhi ya wafasiri wa mwanzo wamesema kuwa maana yake ni kuhasi wanyama. Wengine, naye Mujahid ni mmoja wao, wamesema kuwa muradi wake ni kuigeuza dini ya Mwenyezi Mungu. Iko pia riwaya ya Ibn Umar katika Musnad ya Imam Ahmad inayokataza kuhasi farasi na wanyama wafugwao, na wanavyuoni wameizungumza isnadi yake. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, Imam Nawawi ameandika katika Majmuu kwamba mnyama asiyeliwa haijuzu kumhasi, akiwa mdogo au mkubwa, na yule aliwaye yajuzu angali mdogo tu. Paka haliwi. Hii ndiyo kauli tuliyosomeshwa sisi, nayo ndiyo tuliyowajibu vijana wa Voi.

Lakini Wahanafi, ambao ni Ahlu Sunna kama sisi, wamejuzisha kuhasi wanyama panapokuwa na manufaa au kuondoa madhara, wakitegemea kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alichinja kondoo wawili waliohasiwa wala hakukemea. Na katika Fatawa Hindiyya, kitabu kilichokusanywa Bara Hindi katika karne ya 17 zama za Sultani Aurangzeb, paka ametajwa kwa jina lake, kuwa hapana ubaya kumhasi ikiwa iko faida au pana madhara ya kuondolewa. Na katika watu wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Saleh al-Uthaymin, aliyefariki mwaka 2001, aliulizwa khabari ya paka waliozidi wakaudhi, akajibu kuwa ikiwa kitendo hicho hakiwadhuru basi hapana ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa.

Mtu akisema: mwaacha madhehebu yenu kwa sababu ya paka? Twamjibu: Imam Nawawi alifariki mwaka 1277, na kuhasi alikokujua yeye kulikuwa kwa mnyama kushikwa na watu wanne, akapasuliwa yu macho, analia. Dawa ya kulaza mtu au mnyama asisikie kisu ilionyeshwa hadharani mwaka 1846, zaidi ya miaka 500 baadaye. Sisi hatusemi kuwa angalibadilisha kauli yake, kwani hilo hatulijui. Twasema kwamba maumivu yaliyokuwa yakiogopwa, leo daktari ana nusukaputi ya kuyazuia, na kwamba kukizuia kiumbe kisichokuwako si sawa na kukitesa kilichoko. Masahaba walifanya azli na wake zao, wala hawakuhesabiwa kuwa wameua. Na kanuni ya kuwa pasiwe na kudhuru wala kudhuriana ni ya madhehebu yote. Madhara mawili yakikutana, dogo hubebwa ili kubwa liondoke. Tulipoweka kisu cha saa moja katika kofi moja la mizani, na gunia la reli katika kofi la pili, hatukuona taabu kujua lipi limeshuka. (Na katika ajabu za historia ni kwamba Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki mwaka ule ule wa Imam Nawawi, na ambaye Imam alikuwa akimkabili uso kwa uso juu ya mali za raia, yatajwa kuwa aliwaachia paka wa Cairo bustani ya wakfu ili wapate riziki yao.)

Basi jibu letu sasa ni kwamba yajuzu, kwa sharti kwamba daktari awe ni mjuzi, mnyama alazwe kwa dawa, na nia iwe ni kupunguza mateso, si kuwafanyia mchezo. Aliyebakia na kauli ya kwanza hatumlaumu. Tunachomtaka ni asiwazuie wengine, na atwambie yeye atafanya nini na watoto watakaozaliwa kesho.

Limebaki swali ambalo mmoja wa vijana alituuliza kwa haya, nalo ni swali la mtu aliyesoma. Paka aliyehasiwa, akiwa bado yumo usingizini, hukatwa ncha ndogo ya sikio moja ili ajulikane kwa mbali. Kijana asema: aya ile ile ya Nisaa si imetaja pia kuwa Shetani atawaamrisha wakate masikio ya wanyama? Ndiyo, imetaja. Lakini wafasiri wameeleza kuwa hiyo ni desturi ya washirikina waliokuwa wakipasua masikio ya ngamia kwa ajili ya masanamu yao, kisha wakajiharimishia alichowahalalishia Mwenyezi Mungu. Ama alama ya kumtambua mnyama, Anas amepokea kuwa alimwona Mtume (s.a.w.) akiwatia alama kondoo, na mpokezi akasema kwa alivyokumbuka yeye ilikuwa masikioni. Alichokataza Mtume ni kutia alama usoni. Na faida ya ncha ile ni kubwa: pasipo alama, paka jike atategwa tena mwakani, atapigwa sindano tena, na tumbo lake litapasuliwa mara ya pili bure. Alama ya sikio ndiyo inayomwokoa na kisu cha pili.

Kazi yenyewe ina adabu zake, na hapa ndipo wengi wenye moyo mwema huharibu. Mtego ni kizimba cha waya chenye mlango uangukao mnyama anapokanyaga kibao cha ndani, na chambo chake ni samaki au kipande cha nyama. Tangu mlango ule ulipoanguka, ewe ndugu, wewe umekuwa katika cheo cha yule mwanamke wa Hadithi: umemfunga paka. Kila saa akaayo humo iko juu yako. Haijuzu kuutega mtego ukaenda zako dukani, wala kuuacha juani, kwani jua la Voi si la kuachia kiumbe ndani ya chuma. Akishaingia, kifunike kizimba kwa kitambaa. Paka asiyeona watu hutulia. Usimtie mkono. Paka shume asiyezoea binadamu huuma hata mfupa.

Hapa pana jambo litakalomshangaza asiyejua, nalo ni kuwa daktari huamrisha paka mzima asipewe chakula usiku wa kuamkia kupasuliwa. Si ukatili. Mnyama aliyeshiba akipewa dawa ya usingizi yamkini atapike, na matapishi yakamwingia mapafuni. Njaa ya usiku mmoja kwa amri ya daktari si njaa ya yule mwanamke, maadamu akizinduka apate maji na chakula chake. Dume huweza kurudishwa baada ya siku moja akiwa amezinduka vyema. Jike, kwa kuwa amepasuliwa tumbo, huangaliwa zaidi, na kidonda hutazamwa kisitoke damu wala kuvimba. Naye hurudishwa pale pale alipotegwa, si mtaa mwingine. Anapopajua ndipo penye riziki yake na maficho yake.

Na jike akionekana ana chuchu zilizojaa, jueni kuna watoto mahali. Mtume (s.a.w.) alipomwona ndege mdogo akirukaruka kwa sababu makinda yake yamechukuliwa, aliamrisha arudishiwe. Basi mama wa namna hiyo ama afunguliwe aende, angojewe hata watoto wamwache ziwa, ama daktari akiona inafaa amfanyie mapema siku hiyo na arudi kwa watoto wake upesi. Jambo hili lapita mengine yote, na hatuna radhi na mtu atakayelifanyia uzembe.

Wako wafanyao biashara wasemao: ya nini taabu yote hii? Watieni sumu, jambo likwishe. Twasema kuwa sumu haichagui. Sumu za mashamba zilizotiwa katika nyama hapa Kenya zimewaua hata simba na tai. Na paka wakiondolewa wote mahali ambapo takataka za mabucha zimebaki, wengine watakuja kutoka mitaa ya jirani na kuzaa upya, kwani kilichowaita ni chakula. Na kama hawaji, watakuja panya. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji wa reli kama Voi, na mtaa wa maduka ya Wahindi ukachomwa moto. Mji wa Istanbul nao mwaka 1910 uliwakusanya mbwa wake kwa maelfu na kuwapeleka kisiwani pasipo na maji wala chakula, wakafa huko wakilia, na aibu yake yasimuliwa hadi leo na Waislamu wenyewe. Paka aliyehasiwa akarudishwa hulinda mahali pake na kuendelea kukamata panya, ila hazai. Lakini tusidanganyane. Ukihasi watano katika thelathini hujafanya kitu ila kwa hao watano. Wataalamu wasema hapana budi kufikia kiasi cha saba katika kila kumi au zaidi, na kuendelea kuwatafuta wapya, ndipo idadi ishuke. Kwa hiyo ni afadhali kumaliza soko moja kuliko kugusa gusa mji mzima.

Voi ina sababu yake nyingine ambayo Mombasa na Lamu hawana. Mji huu umepakana na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, na humo mwaishi kimburu, paka wa mwitu wa Afrika, ambaye ni wa ukoo mmoja na paka wetu wa nyumbani. Paka shume akivuka akaingia porini huzaliana naye, na kuchanganyika huko ndiko khatari kubwa inayomkabili kimburu. Aliyeumbwa peke yake aweza kupotea bila ya mtu kumpiga hata jiwe moja, akamezwa tu na paka wa sokoni. Enyi mnaoogopa kugeuza umbo la Mwenyezi Mungu, litazameni na hili.

Ama kichaa cha mbwa, ni maradhi ambayo paka pia huyachukua na kumwambukiza mtu. Serikali ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kuyakomesha mauti yake kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Kila paka anayehasiwa achanjwe siku hiyo hiyo. Na wanaotega nao watake chanjo kabla ya kuanza, wavae glavu nene, na akiumwa mmoja wao aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kombe wala azima. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina dawa. Mwanamke mwenye mimba asishughulike na kinyesi cha paka.

Msimtafute mtu wa mtaani ajuaye kuhasi mbuzi akawafanyia kazi hii kwa wembe. Sheria ya mwaka 2011 yawataka madaktari wa wanyama wawe wamesajiliwa, na Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka mambo ya ustawi wa wanyama chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo vijana wa Voi wana haki ya kwenda kwa ofisi ya mifugo ya Kaunti ya Taita Taveta, kwa adabu na kwa barua, wakaomba siku ya daktari. Lamu wametutangulia. Huko punda wana zahanati yao tangu mwaka 1987, na paka wa mji ule wamekuwa wakihasiwa na kutibiwa kwa michango na kujitolea kwa watu, wala Uislamu wa Lamu haukupungua.

Gharama iko, hatukatai. Zaka haiingii hapa, kwani mafungu yake manane yanajulikana na paka simo. Hii ni sadaka. Tumehudhuria harusi mwaka huu ambazo pilau iliyomwagwa jaani peke yake ingalilipa dawa za soko zima, na paka ndio waliokuja kuila.

Yule mama wa duka la nafaka paka wake amekwisha funga kizazi. Alimleta mwenyewe ndani ya kikapu, amemfunika kwa leso. Wale wawili waliotoka guniani wako kwa mwalimu wa madrasa. Vijana wana vizimba viwili, na wahitaji vingine vitatu ili waanze soko kabla ya mvua za vuli. Mwenye kizimba cha waya kisichotumika, au mwenye gari liwezalo kuchukua mizigo hiyo asubuhi moja kwa juma, na amwone mwalimu baada ya sala ya Alasiri.

Wallahu aalam.